Chameleone na Kiswahili cha "njo": jibu la mwuza kaseti wa Busia

Ndugu aliyeanzisha mjadala huu ameuliza mambo mawili. Kwanza, imekuwaje Jose Chameleone, mwimbaji wetu wa Uganda, bado anajaza viwanja, ilhali wengi walioanza naye mwishoni mwa miaka ya 1990 hata majina yao yamesahaulika. Pili, kama ni kweli, kama alivyodai mchangiaji mmoja, kwamba Kiswahili cha nyimbo zake ni cha kuokoteza na kwamba kilichombeba ni ugomvi wa magazetini tu. Nitayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu kwangu mimi ni swali moja.

Niseme kwanza nimeyajuaje. Nilikuwa na kibanda cha kuuza na kurudufu kaseti mjini Busia, upande wa Uganda, tangu mwaka 1998 hadi sidii na baadaye flashi ziliponifungia biashara. Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, kwa hiyo Kiswahili nilikikuta nyumbani kabla ya kwenda shule, jambo ambalo kwa Mganda wa rika langu si la kawaida. Kibanda changu kilikuwa karibu na steji ya boda boda (na wageni wasiojua wajue kwamba jina hilo la boda boda lilizaliwa kwetu huku mpakani, enzi za baiskeli), na wateja wangu walikuwa Wasamia wa pande zote mbili za mpaka, Waganda waliokuja kununua bidhaa, Wakenya waliokuja kununua ndizi na samaki, na madereva wa malori ambao nchi zao sikuwauliza. Kazi yangu ilikuwa kurekodi, kisha kuandika kwa mkono majina ya nyimbo kwenye kile kikaratasi cha ndani ya kasha. Nimeandika majina ya nyimbo za Chameleone mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu mwenyewe, na hoja yangu yote imetoka katika vikaratasi hivyo.

Msomaji aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 huenda asielewe Kiswahili kilikuwa na sura gani nchini mwetu wakati huo. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini kilichobaki vichwani mwa watu, hasa Buganda, ni kwamba hiyo ndiyo lugha aliyokuwa akiitumia askari alipokuwa akikuamuru ulale chini, na ndiyo lugha ya kondo, yaani jambazi mwenye silaha, alipokuwa akibisha mlango usiku. Mama wa Kampala alipomsikia mwanawe akiongea Kiswahili alimwuliza amejifunzia wapi ujambazi. Mwimbaji wa Kampala aliyetaka kupendwa aliimba Kiluganda, na aliyetaka kuonekana msomi alichanganya na Kiingereza. Redio za binafsi, zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1993 kwa Sanyu na Capital, zilifungua milango, lakini kwa miaka kadhaa walioingia kwa wingi walikuwa Wakongo kwa Lingala chao na Wamarekani. Kiswahili kwenye muziki kilikuwa mali ya Wakenya na Watanzania, nasi tulikinunua kama tunavyonunua kiberiti kutoka ng'ambo ya geti.

Joseph Mayanja, ambaye ndiye Chameleone mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1979, alikuwa akipiga muziki katika klabu ya usiku Kampala kabla hajajulikana kama mwimbaji. Watu huipita habari hiyo haraka, nami naiona kuwa muhimu kuliko tuzo zake zote. Mtu anayepiga muziki klabuni hukaa usiku kucha akitazama ni neno gani linalowainua watu vitini na ni lipi linalowarudisha kwenye chupa zao. Kisha akaenda Nairobi, kama walivyofanya waimbaji wa Uganda tangu miaka ya 1960, kwa kuwa studio zilikuwa huko, akafanya kazi na Ogopa Deejays, kundi lililokuwa likianza kuwatoa vijana wa Kenya kama Redsan, Nameless na E-Sir. Wimbo wake wa kwanza kuvuma, "Bageya", aliuimba na huyo Redsan. Jina hilo ni la Kiluganda, maana yake "wanasengenya". Jirani yangu wa kibandani, Mluhya wa Kenya, aliununua bila kuelewa neno hata moja la sehemu ya Kiluganda, na aliponiuliza maana yake nikamweleza, alicheka akasema hata kwao wako wa namna hiyo. Nilianza kumfuatilia Chameleone siku ile.

Sasa nije kwenye vikaratasi. Mwaka 2002 ilitoka albamu yake iliyoitwa "Njo Karibu". Mimi, kwa kuwa nilijiona nimekulia Kiswahili, niliandika "Njoo Karibu" kwa herufi mbili za o, kama ilivyo katika vitabu. Baada ya siku chache mteja mmoja, dereva wa lori, akanirudishia kaseti akisema nimempa isiyo yenyewe. Nikamwekea kwenye redio, akasikiliza, akakubali kwamba ndiyo, lakini akasisitiza nifute o moja, kwa sababu huyo mtu hasemi "njoo", anasema "njo". Nilifuta. Mteja alikuwa na haki. Kwetu Uganda, na pia kwa jirani zetu wa Kongo, watu wengi husema "njo", na Chameleone aliliacha neno hilo jinsi lilivyo mdomoni mwa watu badala ya kulipeleka kwa mwalimu kwanza. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka upande wa Kenya alikuwa akinisimanga kila alipopita, akisema tunaharibu lugha. Yeye pia aliinunua.

Tangu hapo nikawa ninayasoma majina ya nyimbo na albamu zake kama mtu anayesoma barua. "Mambo Bado", ya mwaka 2004, ni maneno ambayo baba yangu na wenzake kambini walikuwa wakiambiana kila mishahara ilipochelewa. "Shida za Dunia", ya mwaka 2006, ni kauli anayoitoa mwendesha boda boda akifuta jasho baada ya gurudumu kupasuka. Kisha ikaja "Sivyo Ndivyo" ya mwaka 2007, ambayo nakiri ilinikera mwanzoni. Kiswahili sanifu kina usemi wa kufanya jambo "ndivyo sivyo", yaani kulifanya kinyume na inavyotakiwa, na yeye akaugeuza kichwa chini miguu juu. Sijui kama aliugeuza kwa makusudi, na sidhani kama jibu la hilo lina uzito wowote. Kwa Mganda ambaye hajawahi kuusikia usemi wa asili, "sivyo, ndivyo" ni ubishi wa watu wawili: mmoja anakana, mwingine anathibitisha. Likaeleweka kwa wote, kila mmoja kwa njia yake.

Kwa hiyo yule aliyesema Kiswahili hicho ni cha kuokoteza, mimi sitampinga kuhusu neno, nitampinga kuhusu aibu anayotaka tuione. Ndiyo, kimeokotwa. Kimeokotwa kwenye steji, kambini, sokoni na kwenye foleni ya forodha, na hakuna Kiswahili kingine ambacho Waganda wa kawaida walikuwa nacho. Ngeli zinakosewa, mnyambuliko unakatwa, Kiluganda kinaingia katikati ya sentensi bila kubisha hodi. Laiti angeimba kwa Kiswahili cha Unguja, Watanzania wangemsifu kwa heshima kisha wangerudi kuwasikiliza wao kwa wao, na sisi tungemwona anajifanya. Badala yake Mganda wa Masaka alimsikia akisema Kiswahili kibovu kama chake, akajua kwamba hata yeye anaruhusiwa. Ninaamini kwamba alifanya kazi kubwa kuliko sheria katika kuondoa hofu ya lugha ile. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na baraza la mawaziri likaamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini wateja wangu walikuwa wameshaimba nyimbo zake "Jamila" na "Kipepeo" kwa sauti kubwa mchana kweupe bila kuhitaji kifungu chochote.

Faida ya pili ya lugha ile ilikuwa ya kibiashara, na hapa ninaijua hesabu vizuri kuliko wanahabari. Mwimbaji wa Kiluganda alikuwa na Kampala na miji ya kandokando yake. Akichuja huko, amekwisha. Chameleone akichuja Kampala alikuwa na Nairobi, Kisumu, Mwanza, Kigali, na mashariki mwa Kongo. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa Januari 2005, malori yakaanza kwenda Juba kwa wingi kupitia Gulu na Nimule, na madereva wakanunua kaseti za njiani, tatu hadi nne kwa mkupuo. Katika kila mkupuo kulikuwa na rumba la Kikongo, na kulikuwa na "Kipepeo" au "Shida za Dunia". Nyimbo za Kiluganda tupu, hata zile nzuri sana, dereva Mkenya au Msomali aliziacha mezani.

Hapa sina budi kukiri dhambi yangu. Kaseti nilizokuwa nikiuza, nyingi nilizirudufu mwenyewe, na mtunzi hakupata hata senti moja. Chama cha kusimamia haki za watunzi, UPRS, kilikuwepo tangu mwaka 1985, na sheria mpya ya hakimiliki ikatungwa mwaka 2006, lakini huku mpakani hatukuona mtu wa kuja kutuuliza chochote, nasi hatukumtafuta. Nayasema haya kwa sababu yanaeleza jambo moja kuhusu kudumu kwake: msanii wa Uganda hakuweza kuishi kwa kuuza kanda, aliishi kwa kusimama jukwaani, kwa hiyo kila wimbo ulikuwa tangazo la onyesho lijalo. Mtu mwenye nyimbo za nchi tano ana maonyesho katika nchi tano. Sisi wezi wadogo wa kaseti, bila kukusudia, tulikuwa tukimbandikia mabango bure.

Kuhusu ugomvi, sitatumia muda mwingi. Ni kweli kwamba miaka ile yeye na waimbaji wenzake Bebe Cool na Bobi Wine waligombana hadharani, wakajibizana kwa nyimbo, na magazeti ya Kampala yakapata riziki. Iliuza, siwezi kukana. Wimbo wa mafumbo ukitoka, kesho yake vijana wa boda boda walikuwa kibandani wakitaka kujua aliyetukanwa ni nani. Ila wimbo wa ugomvi ulikuwa na maisha mafupi kama maziwa ya jana. Ikipita miezi miwili hakuna aliyeuomba. "Jamila" waliiomba mwaka baada ya mwaka, na walioomba hawakujua wala hawakujali kwamba Chameleone alikuwa amekosana na nani. Kama ugomvi ndio ungekuwa unambeba mtu miaka ishirini na zaidi, nchi hii ingejaa magwiji.

Lililonishangaza zaidi ni jinsi alivyoinuka kila mara tulipodhani ameanguka, na safari moja alianguka kwelikweli. Mwaka 2008 aliporomoka kutoka ghorofani katika hoteli moja mjini Arusha, akavunjika miguu. Habari ilipofika Busia, mimi mwenyewe niliacha kurekodi kaseti zake mpya kwa muda, nikiwa na hesabu ya mfanyabiashara kwamba mtu wa jukwaani asiye na miguu amekwisha. Wakati huohuo vijana waliokuwa wakiimba nyuma yake katika kundi lake la Leone Island, Radio pamoja na Weasel ambaye ni mdogo wake wa damu, walikuwa wameshajitoa na kuanzisha kundi lao la Goodlyfe, na walikuwa wakipendwa mno. Radio, aliyefariki Februari 2018, alikuwa na kipaji cha kutunga ambacho kwa uamuzi wangu kilimzidi Chameleone mwenyewe kwa utamu wa maneno. Nilitarajia wanafunzi wamzike mwalimu.

Mwaka 2009 akatoa "Bayuda", yaani wasaliti, watu wa aina ya Yuda. Miaka ile akatoka pia na "Basima Ogenze", maneno ya Kiluganda yanayosema kwamba watu hukushukuru ukishaondoka. Tazama alichokifanya: alipokuwa ameumia, amelala kitandani na kuachwa na vijana wake, hakuimba kwa lugha ya sokoni, alirudi kwa lugha ya mama yake. Kiswahili chake kilikuwa cha safari na cha kuwaita watu; Kiluganda kilikuwa cha kulalamika kwa watu wa nyumbani. Wakenya hawakununua sana safari hii, lakini Buganda yote ilimrudia. Huo ndio wakati nilipokubali kwamba huyu mtu hachagui lugha kwa bahati nasibu.

Kisha ukaja mgeuko ambao wapenzi wa zamani kama mimi hatukuupenda. Kuanzia mwaka 2012 nyimbo zake zikawa "Valu Valu", "Badilisha", "Tubonge", "Wale Wale". Kibanda nilikuwa nimeshakifunga, lakini mazoea ya kusoma majina hayakuniacha. Angalieni jinsi yalivyofupika. Ni neno moja, au neno moja lililorudiwa. Kurudia neno ni tabia ya lugha zetu zote hizi; Mswahili anasema "polepole", Mganda anasema "mpolampola", kwa hiyo jina lililorudiwa humwingia mtu sikioni kabla hajauliza ni la lugha gani. Na "Tubonge" ni ujanja mtupu: kile kiambishi "tu" kina maana ileile katika Kiswahili na katika Kiluganda, hivyo mtu wa Mombasa na mtu wa Mukono wote wanajua wamealikwa pamoja, hata kama neno lenyewe la "kubonga" (kupiga soga, kwa lugha ya mitaani) mmoja wao amelisikia juzi tu. Ni kazi ya akili, nakubali. Lakini ni nyimbo za kuchezwa, na ukizima spika hazibaki na wewe. "Shida za Dunia" ilikuwa inabaki. Mtu anaweza kusema nazungumza kama mzee, na huenda ni kweli, ila niliwahi kumwona mwanamume mzima akilia mbele ya kibanda changu kwa ajili ya wimbo wake wa mwaka 2006, na sijasikia aliyelia kwa ajili ya zile za mwaka 2012.

Pamoja na hayo, nyimbo hizo nyepesi ndizo zilizompatia kizazi cha pili cha wasikilizaji, wakiwemo watoto wangu, ambao walirudi nyuma kutoka "Wale Wale" hadi kwenye "Jamila" wakidhani wamegundua kitu kipya. Mwaka 2015 alimzika mdogo wake mwingine, AK47, ambaye naye alikuwa mwimbaji. Mwaka 2021 aligombea umeya wa Kampala akashindwa na Erias Lukwago, hadithi ambayo sioni imeongeza wala kupunguza kitu katika muziki wake. Februari 2023 aliwaita watu katika uwanja wa kriketi wa Lugogo nao wakaja. Mwishoni mwa mwaka 2024 alilazwa kwa ugonjwa wa kongosho, akapelekwa Marekani kutibiwa, na mwaka uliofuata akarejea nyumbani. Binti yangu alinipigia simu siku zile za hospitali akaniuliza kama ninazo kaseti za zamani, nikajua kwamba watu wameanza kukusanya kama wafanyavyo wanapoogopa.

Kwa ndugu aliyeuliza aanzie wapi kusikiliza: usianze na mkusanyiko wowote wa nyimbo bora, kwa sababu hizo huchanganya miaka na kuificha njia aliyopita. Anza na albamu ya "Kipepeo" ya mwaka 2005, uisikilize yote mfululizo, kisha "Shida za Dunia", halafu rudi nyuma hadi "Njo Karibu" ili umsikie akiwa bado anatafuta sauti. "Bayuda" iwe ya nne, na ukiwa hujui Kiluganda mketishe Mganda karibu nawe akufasirie, usisome tafsiri za kompyuta. Zile za mwaka 2012 na kuendelea utazisikia tu zenyewe, harusini au ndani ya takisi, huhitaji kuzitafuta.